Maumivu ya mgongo kwa mzazi: Huenda mfupa una ufa

Maumivu ya mgongo baada ya kujifungua huwapata kina mama wengi, na mara nyingi hutokana na misuli na viungo vya nyonga vilivyolegea wakati wa ujauzito. Hata hivyo, kwa wachache chanzo chake ni ufa mwembamba katika mfupa. Hawa huenda wakaambiwa kuwa ni wavivu.

Ufa huo hutokea katika pingili za uti wa mgongo, au katika mfupa wa pembetatu ulio juu ya kifandugu.

Sababu ni nini? Mtoto huzaliwa akiwa na takriban gramu 30 za madini ya kalsiamu, na nyingi huzipata kwa mama katika miezi mitatu ya mwisho. Akinyonya, huchukua miligramu 200 hadi 300 kila siku. Mifupa ya mama hupungua nguvu kwa muda, kisha kwa kawaida hujijenga tena baada ya kumwachisha mtoto. Lakini ikiwa ilikuwa dhaifu tangu awali, hata kubeba ndoo ya maji kunaweza kuitia ufa.

Dalili zake ni maumivu makali ya kiuno au tako, yanayozidi mama akisimama, akitembea au akiinua kitu, na kupungua akilala. Eksirei inaweza isionyeshe ufa huu mwanzoni. Kipimo cha MRI huuonyesha vizuri zaidi.

Mama mwenye dalili hizi asikandwe kwa nguvu mgongoni wala asibebeshwe mizigo. Apelekwe kwa daktari. Tiba kubwa ni kupumzika, pamoja na kalsiamu na vitamini D kwa ushauri wa daktari. Asiache kunyonyesha kabla ya kushauriwa. Ale dagaa na mifupa yake, anywe maziwa, na aote jua uani, kwani anayekaa ndani muda wote wa arobaini hukosa jua linalotengeneza vitamini D. Akishatoharika, kama hawezi kusimama kwa maumivu, dini imemruhusu aswali ameketi.

Akiona miguu inaishiwa nguvu, ganzi katikati ya mapaja, mkojo unaomtoka au kuziba, au homa, awahishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Ewe mume, na wewe mama mkwe, mzazi akisema mgongo unamuuma, msikilizeni kwanza.