Redio Zinazotangaza Saa Sahihi

Chukua saa mbili, uzirekebishe zilingane sawasawa. Zitazame tena baada ya wiki moja. Huenda utaona kwamba moja imetangulia na nyingine imechelewa. Ni ipi iliyo sahihi? Huwezi kujua mpaka upate saa ya tatu unayoiamini.

Nyumbani, kosa la sekunde chache halidhuru. Baharini, laweza kuangamiza chombo. Sababu ni hii: dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kila saa moja. Nahodha aliye mbali na nchi kavu hutumia mzunguko huo kujua mahali alipo. Tuseme yumo katika Bahari ya Hindi, na jua limefika juu kabisa angani. Kwake ni adhuhuri. Lakini saa yake, inayofuata majira ya Greenwich nchini Uingereza, yaonyesha kwamba huko zimesalia saa 3 kufika adhuhuri. Kwa hesabu nyepesi, 3 × 15 = 45. Basi nahodha yupo karibu digrii 45 mashariki ya Greenwich.

Saa hiyo ikikosea kwa sekunde 4 tu, hesabu yake karibu na Ikweta itakosea kwa kilomita 1.85 hivi. Umbali huo watosha kupandisha meli mwambani.

Nahodha atapata wapi saa ya kuaminika? Vipo vituo vya redio vya masafa mafupi ambavyo kazi yake ni kutangaza saa usiku na mchana. Kimojawapo ni WWV, karibu na mji wa Fort Collins nchini Marekani. Kilianza kurusha matangazo mwaka 1920, na sasa huongozwa na saa za atomi. Hutoa mlio mfupi karibu kila sekunde. Kabla ya dakika mpya kuanza, sauti ya mtu hutaja saa na dakika. Kisha mlio mrefu zaidi huonyesha kwamba dakika hiyo imeanza.

Mawimbi ya masafa mafupi hupanda hadi tabaka la anga liitwalo ayonosfia, zaidi ya kilomita 100 juu yetu, nalo huyarudisha chini. Ndiyo maana hufika mbali sana. Huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Safari ya kilomita 6,000 huchukua sehemu moja tu ya hamsini ya sekunde.

Siku hizi mabaharia hupata saa na mahali walipo kutoka kwenye satelaiti. Hata hivyo, mawimbi ya satelaiti hufika yakiwa dhaifu, na yaweza kuvurugwa. Hapo redio ndogo ya betri huwa shahidi wa pili. Kwa hiyo vituo hivi vingali na thamani.

Maswali
1. Kwa nini nahodha huhitaji saa sahihi?
2. Dunia huzunguka digrii ngapi kwa dakika 4?
3. Kila siku redio inapotangaza saa, linganisha na saa ya nyumbani au ya darasani. Andika tofauti kwa siku 7. Je, saa yenu hutangulia au huchelewa?