NGUVU ZA KOMPYUTA HUPIMWAJE?

Jina boda boda lilizaliwa papa hapa kwetu mpakani, miaka ya 1960, waendesha baiskeli walipokuwa wakivusha watu na mizigo baina ya Kenya na Uganda. Basi tuseme tajiri ana magunia 700 ya mahindi na vijana watatu wa baiskeli. Ampe nani mengi? Akiwauliza, kila mmoja atajisifu, kwani mwamba ngoma huvutia kwake.

Shida hiyo hiyo imo katika mtandao wa rika, yaani kompyuta nyingi zinazosaidiana kazi bila ya moja kuwa bwana wa nyingine. Kila kompyuta humo huitwa nodi. Nodi hazilingani nguvu, na kazi ikigawanywa ovyo, zote zitaingoja iliyo dhaifu. Je, tutazipimaje?

Kwanza, kuna kusoma maandishi: prosesa hii ina gigahezi ngapi? Hayo hayatoshi. Gigahezi huhesabu mapigo ya prosesa kwa sekunde, lakini prosesa moja yaweza kufanya kazi nyingi zaidi katika kila pigo kuliko mwenzake.

Pili, kuna jaribio. Zipe nodi zote hesabu moja, kisha shika saa. Tuseme A imemaliza kwa sekunde 10, B 20, na C 40. Nguvu zao ni 4:2:1. Kazi ikiwa na vipande 700, A ipewe 400, B 200 na C 100. Zote zitamaliza pamoja.

Tatu, tazama muda wa kupatikana. Ikiwa A huwa hewani robo tu ya siku, labda stima hupotea kwao, nguvu yake halisi ni 4 mara robo, yaani 1. Uwiano sasa ni 1:2:1. A ipate 175, B 350 na C 175. Waonaje? Yule shujaa sasa yuko sawa na C!

Nne, hakikisha ukweli. Mwaka 1999, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilianzisha SETI@home. Kompyuta za watu wa kawaida zilichambua mawimbi ya redio kutafuta dalili za viumbe werevu huko angani, hadi Machi 2020 ugavi wa kazi uliposimamishwa. Huo haukuwa mtandao wa rika hasa, kwani seva ya Berkeley ndiyo iliyogawa kazi, lakini somo ni lile lile. Wako waliojaribu kudanganya ili wajipatie alama nyingi. Dawa ikawa kupeleka kipande kimoja kwa kompyuta zaidi ya moja na kulinganisha majibu. Yakilingana, alama hutolewa. Yakitofautiana, kipande hupelekwa kwa mwingine.

Wanachama wenzangu, maabara yetu ina mashine kuukuu ambazo wengi wetu huzikimbia, tukabanana watano watano kwenye ile mpya. Nawasihi tuzipime kwanza. Ile kuukuu isiyozimika huenda ikamaliza kazi nyingi kwa wiki kuliko mpya inayogombaniwa. Wahenga walinena, haba na haba hujaza kibaba. Lakini, jameni, atakayejua kimejaa ni yule anayepima!