Gari Linapolala Kwenye Kona: Mafunzo Niliyopata Barabara ya Rumonge

Kutoka Bujumbura hadi Rumonge ni kama kilomita 75 za RN3, ziwa upande mmoja na milima upande wa pili. Kabezi barabara inajinyoosha, lakini ukifika Gitaza mlima unashuka karibu na maji, na lami haina budi kufuata mikunjo yake. Hapo ndipo maporomoko ya mwaka 2015 yalipoikata njia. Zamani mashimo yenyewe yalitupunguzia mwendo. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kutengeneza kilomita 45 kati ya Rumonge na Gitaza, na penye lami nzuri dereva hukanyaga mafuta. Ndipo anapogundua jinsi gari lake linavyolala. Langu ni Toyota Probox, la abiria leo, la mizigo kesho.

1. Mzigo wa kwenye keria hauna dawa gereji.

Bidoni ya lita 20 ya mawese ina karibu kilo 18 za mafuta. Panga kumi juu ya paa, umewabebesha abiria kilo 180 juu ya vichwa vyao. Kwenye kona, uzito wote wa gari hutaka kuendelea mbele moja kwa moja huku matairi yakivutwa pembeni. Kadiri kitovu cha uzito kinavyopanda, ndivyo bodi inavyopata nguvu ya kuinama. Bidoni zilezile zikikaa sakafuni, gari linatulia bila kununua chochote. Wavuvi wetu hawahitaji kuelezwa haya: samaki hulazwa sakafuni mwa mtumbwi. Bidoni isiyojaa ni mbaya zaidi, maana mafuta hukimbilia upande uleule ambao gari limelalia. Kama ni lazima kitu kipande juu, basi yawe magunia ya ndagala wakavu.

2. Hesabu ya mwendo si ya kawaida.

Nguvu ya kona hupanda kwa mraba wa mwendo. Ukishuka kutoka 60 hadi 50 kwa saa, umepunguza nguvu hiyo kwa asilimia 31 hivi.

3. Tazama vilivyochakaa kabla ya kununua vipya.

Stabilaiza ni nondo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Gari likilala, nondo inapindwa, nayo inakataa kupindwa, na ukaidi huo ndio unaoishikilia bodi. Lakini inashikwa na vitu vidogo: linki mbili na mipira ya bushi. Linki ikiwa na mchezo, gari huinama kwanza, ndipo nondo inapoanza kazi. Fundi mmoja wa Buyenzi aliitikisa yangu kwa mkono, akacheka: “Mzee, hii stabilaiza umeiweka kama pambo.” Dalili yake ni ule mlio wa kok-kok kwenye matuta. Linki na bushi mpya ndizo zilizokuwa rahisi kuliko vyote nilivyonunua, na ndizo zilizobadilisha gari kuliko vyote. Upepo wa matairi nao uwe kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema. Tairi laini linajikunja ubavuni, na dereva anasingizia springi.

4. Shokapu haiamui gari lilale kiasi gani, inaamua lilale haraka kiasi gani.

Kwenye kona ndefu, shokapu mpya na ya zamani zitakufikisha kwenye mwinamo uleule. Tofauti huonekana kwenye kona pacha, ukitoka kushoto kuingia kulia: shokapu iliyokufa huitupa bodi upande wa pili kwa kishindo. Ukiona mafuta yamevuja kwenye mwili wake, badilisha zote mbili za ekseli moja.

5. Milimita mbili ni nyingi.

Ugumu wa stabilaiza hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake. Ya milimita 22 ina ugumu wa asilimia 46 zaidi ya ile ya 20. Ila uzito unaohamia magurudumu ya nje haupungui sana. Unagawanywa upya tu kati ya mbele na nyuma. Ukikaza mbele, pua inagoma kuingia kona. Ukikaza nyuma, mkia unachomoka, na masika, udongo wa mlima ukiwa umetandazwa juu ya lami iliyolowa, mimi sitaki mkia unaochomoka. Tena gurudumu moja likiingia shimoni, linamvuta mwenzake. Kwa hiyo nilibaki na kipenyo cha kiwandani.

6. Kushusha gari kunadanganya.

Vijana wa mjini hukata springi ili gari likae chini. Kwenye mfumo wa MacPherson, ambao Probox inao mbele, gari likishuka mikono ya chini huelekea juu, na sehemu ambayo bodi huizunguka hushuka upesi kuliko kitovu cha uzito. Umbali kati ya viwili hivyo unakua, na hamu ya kulala inakua nao. Na ziwa likijaa hadi barabarani, kama lilivyofanya miaka hii, utaomba urudishiwe sentimita zako.

Nilichofanya ni kuweka springi za nyuma za kimo kilekile, ngumu kidogo. Zikibeba mawese zinanyamaza kabisa. Gari likiwa tupu zinarusha, na mke wangu hulalamika kutoka Rumonge hadi Minago, ambako tunapakia.