Somo la Vikundi: Blanketi la Viraka kwa Jirani

Masomo: Kutoka 22:26-27, Marko 2:21, Matendo 9:36-42



Sote tunaijua baridi ya Dowa inapofika Juni na Julai. Usiku upepo hupita chini ya mlango, na watoto watatu huvutana shuka moja. Kwa hiyo wiki hii tunajifunza Neno tukiwa na sindano mkononi.

1. Neno linasema nini?

Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba aliyechukua vazi la maskini kuwa rehani alirudishe kabla ya machweo. Deni lilikuwa halali, lakini Mungu alitanguliza usingizi wa maskini. Kumbe kitu cha kujifunika usiku si jambo dogo mbele zake.

Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Familia nyingi zilitolewa Lilongwe zikaletwa Dzaleka, baadhi zikiwa na vitu vichache tu. Tangu wakati huo tumejionea kwamba anayehitaji blanketi anaweza kuwa mtu aliyekuwa na duka mwezi uliopita.

Wengi wetu tumezoea kupanga foleni ili kupokea. Lakini Dorkasi wa Yafa hakusubiri kuwa tajiri. Alishona, na wajane wakavaa. Wakimbizi nasi tunaweza kutoa.

2. Kazi yenyewe

Makanisa ya Kilutheri ya Marekani yameshona mablanketi ya viraka kwa miaka mingi na kuyatoa kupitia Lutheran World Relief, shirika lililoanzishwa mwaka 1945. Blanketi lao ni la sentimita 150 kwa 200 hivi, na tabaka zake hushikwa kwa mafundo ya uzi. Njia hiyo inatufaa, maana haihitaji umeme. Sisi tuanze na blanketi la mtoto.

Vitambaa. Tuwaombe mafundi cherehani, hapa kambini na kule Lilongwe, mabaki ya vitenge. Nguo za mitumba zilizochanika zinafaa pia, tukikata sehemu iliyo nzima. Tunyooshe kila kitambaa kwenye mwanga na kukivuta. Kikionyesha nyuzi zilizoachana, tusikitumie.

Kufua. Tufue vyote kabla ya kukata. Bwana Yesu alisema kiraka kipya hulichanua vazi kuukuu. Fundi yeyote anajua sababu: kitambaa kisichofuliwa bado kitajikunja, kivute kile cha jirani yake. Kwa sababu hiyohiyo, tusiunganishe jinzi nzito na kitenge chepesi.

Kukata. Tukate boksi liwe kipimo cha sentimita 20 kila upande, kisha tukate viraka 42 kwa kufuata uzi wa kitambaa. Kiraka kilichokatwa mshazari hulegea.

Kuunganisha. Tushone kwa kuacha sentimita 1 ukingoni. Viraka 6 hufanya mstari mmoja, na mistari 7 hufanya uso wa blanketi. Asiye na cherehani ashone kwa mkono, akirudisha sindano nyuma kila hatua ili mshono usifumuke. Tupige pasi kila mstari kabla ya kuunganisha mwingine.

Tabaka tatu. Ndani tuweke blanketi kuukuu lililo safi, au masweta yaliyofumuliwa mishono na kuunganishwa bapa. Mgongo uwe shuka au kitenge. Vyote viwe sentimita 110 kwa 128, sawa na uso. Tutandaze tabaka la ndani, juu yake mgongo ukiangalia juu, kisha uso ukiangalia chini. Tupige bandi, tushone kuzunguka na kuacha nafasi ya sentimita 30. Tugeuze kupitia nafasi hiyo, halafu tuizibe.

Mafundo. Kwa uzi mnene, tufunge fundo katikati ya kila kiraka na kila pembe viraka vinapokutana. Tupitishe kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia, na kukaza. Fundo la namna hiyo haliteleze. Tusiweke vifungo wala shanga, maana mtoto huweza kumeza. Tumkumbushe mama asifunike uso wa mtoto mchanga.

Kwa mtu mzima, viraka 88, yaani mistari 11 ya viraka 8, vinatoa blanketi la sentimita 144 kwa 198.

Kazi hii si ya akina mama peke yao. Mafundi wengi kambini ni wanaume, nao vijana wanaweza kukata na kupiga pasi.

3. Kutoa

Kabla ya kulitoa, kila kikundi kijiulize: je, mtoto wangu angelala na hili? Kama jibu ni hapana, tulifumue mahali palipoharibika na kushona tena. Jirani si shimo la takataka zetu.

Tuwatazame kwanza wagonjwa, wazee walio peke yao, waliojifungua na waliofika karibuni. Tusiulize kama ni Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda au Mhabeshi, wala anasali wapi. Wamalawi wa vijiji vya jirani nao husikia baridi. Tupeleke nyumbani kwake watu wawili tu, bila kupiga picha. Blanketi likiuzwa ili kununua uzi, fedha zihesabiwe mbele ya kikundi kizima.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini Mungu alitaja machweo katika sheria ya rehani?
2. Ni nani katika mtaa wetu asiye na cha kujifunika, na aibu inamzuia kusema?
3. Kikundi chetu kinaweza kumaliza mablanketi mangapi kabla ya Juni?

Tuombe: Bwana, bariki mikono yetu, na umpe usingizi yule atakayejifunika kazi yake. Amina.