Gharama ya Kuajiri Kenya: Makato, Vibarua na Barua ya Kufuta Kazi

Hadi mwanzoni mwa 2023, mwajiri nchini Kenya alichangia hazina ya NSSF shilingi zisizozidi 200 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, hata kama mshahara wake ulikuwa 100,000. Sheria ya kubadilisha hali hiyo ilipitishwa mwaka 2013, ikakwama mahakamani karibu miaka kumi. Rufaa ilipoamuliwa Februari 2023, mchango ukawa asilimia 6 kwa kila upande, na kikomo cha mshahara unaohesabiwa kikaanza kupanda kila Februari. Kwa mfanyakazi huyohuyo wa 100,000, mwajiri alitoa 1,080 mwaka 2023, 2,160 mwaka uliofuata, na 4,320 mwaka 2025. Bajeti ya mishahara inayopangwa Desemba bila kuitazama Februari huwa imeharibika kabla haijaanza.

Ada ya nyumba ilisumbua zaidi, kwa kuwa haikutulia. Ilianza 2023, Mahakama Kuu ikaitangaza kuwa kinyume cha katiba Novemba mwaka huo, kisha ikarudi Machi 2024 kwa sheria mpya: asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 nyingine kwa mwajiri. Oktoba 2024 ikaja SHIF, makato ya bima ya afya ya asilimia 2.75, mahali pa NHIF ambayo haikuzidi 1,700. Hii hukatwa kwa mfanyakazi peke yake, lakini lawama humfikia mwajiri, maana ndiye anayetoa mshahara uliopungua. Maelezo mafupi kabla ya mwisho wa mwezi huzuia manung'uniko mengi.

Makato yanapopanda, waajiri wengi hukimbilia vibarua. Njia hiyo haifiki mbali kama inavyoonekana. Kwa kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, na kumwachisha kunahitaji notisi ya siku 28. Kumlipa kila jioni hakubadilishi chochote. Kazi ya miezi mitatu au zaidi hudai mkataba wa maandishi, na mwajiri asiyeweza kuutoa mahakamani ndiye anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha walichokubaliana.

Wengi hunaswa kwenye kufuta kazi, na mara nyingi si kwa kukosa sababu. Mfanyakazi ameiba, ushahidi upo, bosi kwa hasira anamwambia asirudi kesho. Kifungu cha 41 kinataka kwanza aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama anayemchagua mwenyewe, kisha asikilizwe. Hata kosa kubwa la kufukuzwa papo hapo haliondoi hatua hiyo. Kwa hiyo barua ya kumwita kikaoni, kumbukumbu zenye sahihi za waliohudhuria, na uamuzi ulioandikwa baada ya kikao, wala si kabla, ndivyo vitu vya kuweka kwenye faili.

Kupunguza wafanyakazi kwa sababu ya hali ya biashara kuna njia yake: notisi ya mwezi mmoja, nakala kwa afisa wa leba, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka wa kazi. Anayeruka hatua yoyote kati ya hizi anaweza kuamriwa kulipa fidia inayofika mishahara ya miezi 12.