KUMSAMEHE ALIYETUKOSEA: INJILI YASEMAJE?

Mtu akitaka kujua Wakristo wamefundishwa nini juu ya kumsamehe aliyewadhulumu, mara nyingi huambiwa habari ya shavu la pili, na mazungumzo huishia hapo. Mkristo huitaja aya hiyo kwa kujivunia, asiye Mkristo huitaja kwa kucheka, na wote wawili aghalabu hawajaisoma sura nzima. Hasara ya jambo hili ni kubwa. Wako watu walioumizwa kweli kweli: mke apigwaye na mumewe, yatima aliyeliwa urithi wake na baba mdogo. Hao huambiwa, “Samehe,” na maana inayokusudiwa ni, “Nyamaza.” Yafaa basi tuzitazame Injili zenyewe, tuone kama amri hiyo ya kunyamaza imo ndani yake.

Tuanze na shavu. Mathayo 5:39 yataja hasa shavu la kuume. Mtu atumiaye mkono wa kulia, akisimama mbele yako, hawezi kukupiga shavu hilo ila kwa mgongo wa mkono. Kofi la namna hiyo lilikuwa la kudhalilisha kuliko la kuumiza. Mishna, kitabu cha sheria za Kiyahudi kilichokusanywa karibu na mwaka 200 baada ya Masihi, chaweka faini ya zuzi 200 kwa kofi la kawaida, na zuzi 400 kwa kofi la mgongo wa mkono. Anayesemwa hapo ni mtu aliyetwezwa, ambaye aambiwa asilipe tusi kwa tusi. Na Yesu mwenyewe alipopigwa kofi na mtumishi mmoja mbele ya Kuhani Mkuu (Yohana 18:22-23), hakumrudishia, wala hakunyamaza. Alimtaka aonyeshe kosa lilipo, na kama halipo aeleze sababu ya kumpiga. Ajabu ni kwamba aya hizi mbili hazisomwi pamoja.

Lakini mahali penye mafundisho mapana zaidi ni Mathayo sura ya 18. Hapo Petro auliza kama kumsamehe ndugu mara saba kwatosha, naye aambiwa si saba, bali saba mara sabini. Tafsiri nyingine husoma sabini na saba. Msomaji wa Taurati hapo humkumbuka Lameki, mtu wa uzao wa Kaini, ambaye katika Mwanzo 4:24 ajigamba kwamba kisasi chake ni mara sabini na saba. Katika tafsiri ya kale ya Kiyunani ya Agano la Kale, hesabu ya Lameki imeandikwa kwa maneno yale yale yaliyotumiwa na Mathayo. Kipimo cha kisasi kimegeuzwa kuwa kipimo cha msamaha.

Kisha waja mfano wa mtumwa aliyedaiwa na mfalme wake talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama ionekanavyo katika Mathayo 20:2. Deni lote basi ni ujira wa siku milioni 60. Kibarua afanyaye kazi siku 300 kwa mwaka angehitaji miaka 200,000 kulilipa, bila kula. Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi, aandika kwamba Herode Antipa, mtawala wa Galilaya zama zile, alikuwa na mapato ya talanta 200 kwa mwaka kutoka Galilaya na Perea. Deni la mtumwa huyu ni mapato ya utawala ule kwa miaka 50! Ni dhahiri kwamba hesabu imetiwa chumvi kwa makusudi. Mfalme akamhurumia, akamwachilia yote. Mtumwa akatoka nje, akamkuta mwenziwe anayemdai dinari 100, akamkaba koo na kumtia kifungoni. Mfalme aliposikia, alimrudisha yule wa kwanza mikononi mwa walinzi wa gereza.

Wahubiri wengi hupenda kusema kwamba dinari 100 ni kitu kidogo. Sikubaliani nao. Dinari 100 ni kazi ya zaidi ya miezi mitatu. Kibarua akidhulumiwa ujira wa miezi mitatu, watoto wake wakalala na njaa, ni nani atakayemwambia kwamba hakupotewa na kitu? Mfano hauidharau haki ya aliyekosewa. Deni la dinari 100 ni deni la kweli, nalo laonekana dogo tu likiwekwa kando ya lile lingine ambalo mdai mwenyewe alikuwa amekwisha kusamehewa.

Yafaa pia ieleweke kwamba katika Kiaramu, lugha aliyoisema Yesu, neno moja lilitumika kwa deni na kwa dhambi. Ndiyo sababu katika Sala ya Bwana Mathayo 6:12 yasema madeni, na Luka 11:4 yasema dhambi. Kiswahili chetu nacho kina bahati katika jambo hili, maana twasamehe kosa na twasamehe deni kwa neno lile lile. Sasa fikiri: je, mtu aweza kusamehe deni ambalo hakuna anayekiri kwamba lipo? Mwenye duka asameheye deni hulifungua daftari kwanza, akalisoma, ndipo akalifuta. Yule aambiwaye asiseme lolote hajapewa hata nafasi ya kulifungua daftari.

Na sura hiyo hiyo ya 18 yashuhudia hivyo. Kabla ya swali la Petro, katika aya ya 15 mpaka ya 17, pamewekwa utaratibu: aliyekosewa amwendee mkosaji wakiwa wawili tu, amwonyeshe kosa lake, asiposikia, aende na mtu mmoja au wawili wawe mashahidi, asiposikia tena, jambo lipelekwe mbele ya jamaa nzima ya waumini, na akikaidi hata hapo, ahesabiwe kuwa mtu wa nje. Mzizi wa agizo hili ni Walawi 19:17-18, ambamo kumkemea jirani na kuacha kisasi vimewekwa bega kwa bega. Luka 17:3 nayo yasema mkosaji akemewe, na akitubu asamehewe.

Hapo ndipo huzuka swali ambalo Wakristo wenyewe wamekhitilafiana juu yake: je, tungoje mpaka mkosaji atubu? Luka 17 yaonekana kusema ndiyo. Lakini Marko 11:25 yamwamuru mtu asimamaye kusali asamehe papo hapo, na mkosaji hayupo wala hakutajwa kutubu. Kwa maoni yangu aya hizi hazipigani, kwa kuwa zazungumza mambo mawili. Moja ni kuitoa chuki moyoni na kuacha kudai kisasi. Hilo hufanywa mbele ya Mungu, hata kama mkosaji amekufa au amekaidi. La pili ni kurudisha udugu, na hilo lahitaji watu wawili. Mke aliyepigwa aweza kulitimiza la kwanza akiwa nyumbani kwa wazazi wake, wala hakuna aya katika hizi imwambiayo arudi kwenye fimbo. Tena Mathayo 5:23-24 yamwelekea mkosaji: yeye ndiye aambiwaye aiache sadaka yake madhabahuni, aende kwanza kupatana na ndugu aliye na neno juu yake. Amri hiyo husahauliwa mno na wale wanaowahimiza waliokosewa.

Tutazame jinsi mafundisho haya yalivyotumika zama zetu. Tarehe 13 Mei 1981, Papa Yohane Paulo wa Pili alipigwa risasi katika Uwanja wa Mtakatifu Petro na Mturuki aitwaye Mehmet Ali Ağca. Siku nne baadaye, angali hospitalini, alitangaza kwa redio kwamba amemsamehe. Msamaha ule haukufungua mlango wa gereza, kwani mwezi Julai mwaka huo huo mahakama ya Italia ilimhukumu Ağca kifungo cha maisha. Tarehe 27 Desemba 1983 Papa alimwendea gerezani Rebibbia, mjini Roma, akaketi naye, wakazungumza kwa sauti ya chini. Ağca aliendelea kufungwa Italia mpaka mwaka 2000, Rais wa nchi hiyo alipompa msamaha wa serikali. Akapelekwa Uturuki kutumikia kifungo kingine, akaachiliwa mwaka 2010. Papa alisamehe kilichokuwa chake, na dola ikashika kilichokuwa chake.

Waamishi wa Nickel Mines, katika jimbo la Pennsylvania huko Marekani, walikuwa na mtihani mgumu zaidi. Tarehe 2 Oktoba 2006 mtu mmoja aliingia katika shule yao ndogo, akawapiga risasi wasichana 10. Watano walikufa, naye akajiua. Hapakuwa na mtu wa kukemewa wala toba ya kungojewa. Siku ile ile baadhi yao walikwenda kuwafariji jamaa za muuaji, na wengi wakahudhuria mazishi yake. Walipoulizwa sababu, waliitaja Sala ya Bwana. Wako waliowalaumu kwamba wamesamehe upesi mno, kana kwamba hawakuumia. Lakini baadhi ya wazazi waliofiwa walieleza baadaye kwamba iliwabidi kusamehe upya kila siku. Huenda saba mara sabini ikahesabiwa hivyo pia: mara nyingi kwa kosa lile lile moja.

Msomaji Mwislamu atauliza kama haya yako mbali na aliyofundishwa. Katika Sura Ash-Shura, aya ya 40 (ya 41 kwa wahesabuo Bismillah), Qur'an Tukufu yamruhusu aliyetendewa ubaya kulipa kwa kadiri ya ubaya ule, kisha yaahidi malipo kwa Mwenyezi Mungu kwa asameheye na kusuluhisha. Basi wote wawili, msomaji wa Injili na msomaji wa Qur'an, wana swali moja la kujiuliza mbele ya mkosaji: msamaha huu utatengeneza nini?

Katika Agano Jipya umo waraka mmoja mfupi ambamo swali hilo lilimfikia mtu mwenye jina. Onesimo, mtumwa, alitengana na bwana wake Filemoni, naye yaonekana alimtia hasara. Paulo, akiwa kifungoni, amrudisha akiwa na barua, na aomba apokelewe kama ndugu. Wala halipiti deni kimya kimya. Katika aya ya 18 na ya 19 asema kwamba kama Onesimo amemdhulumu Filemoni au adaiwa naye kitu, na kiandikwe juu ya Paulo. Kisha aongeza kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa. Waraka wote una aya 25 tu, na Filemoni alijibu nini haukuandika.