Gliserini ya Kupaka Haivutwi

Miongoni mwa wavutaji wa sigara za kielektroniki, ambazo wengi huziita vepu, imeenea imani kwamba kifaa kikiwa cha zamani na chepesi kimuundo basi madhara yake nayo huwa mepesi, na kwamba anayeacha vifaa vipya vya kutumia na kutupa akarudia kile cha miaka kumi na zaidi iliyopita, chenye umbo la kalamu, betri moja na kitufe kimoja, amekwisha kufika nusu ya njia ya kuacha kabisa. Swali linalojibiwa wiki hii limejengwa juu ya imani hiyo. Aliyeuliza ni mkazi wa Remera, Kigali, mwenye umri wa miaka 26, ambaye ameachana na vifaa vya kutupwa, amepewa na rafiki yake kalamu ya zamani, na sasa huijaza kioevu anachokichanganya mwenyewe nyumbani kwa gliserini ya dukani na matone machache ya mafuta ya mkaratusi, ule mti ambao Rwanda nzima huuita inturusu. Anataka kujua kama njia hiyo ni salama zaidi, na mwishoni mwa swali, kana kwamba ni jambo la kupita tu, anataja kikohozi ambacho hakijamwacha tangu kiangazi kilipoanza.

Katika jambo moja msomaji hajakosea, na haki yake apewe. Vifaa vingi vya kutupwa hubeba chumvi za nikotini, yaani nikotini iliyochanganywa na asidi ili ukali wake usisikike kooni, na koo lisipokwaruzwa mvutaji huvuta kwa nguvu na kwa muda mrefu bila mwili kumwonya. Sheria ya Umoja wa Ulaya imeweka kikomo cha miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita ya kioevu, ilhali pasipo na kikomo huuzwa vyenye miligramu 50 na zaidi. Isitoshe, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliopima baadhi ya vifaa vya kutupwa katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2025, walikuta ndani ya ukungu wake madini ya risasi, na katika kifaa kimoja matumizi ya siku moja yalitoa risasi nyingi kuliko karibu pakiti 20 za sigara. Kuvikimbia vifaa hivyo ni busara. Kosa linaanzia pale anayevikimbia anapodhani kwamba kifaa cha zamani ni kimbilio.

Umbo la vepu limebadilika mara nyingi tangu mfamasia wa China, Hon Lik, alipobuni kifaa cha aina hiyo mwaka 2003, lakini kalamu ya zamani na kifaa cha kisasa kilichoko dukani hufanya kazi ileile: betri hupasha moto waya uliosokotwa, unaoitwa koili, na waya huo huchemsha kioevu kilichofyonzwa na utambi wa pamba. Mtu aliyewahi kuacha kibatari kikaishiwa mafuta taa usiku anaujua mwisho wa utambi uliokauka, kwa kuwa moto huacha mafuta ukala pamba yenyewe, na chumba kikajaa harufu kali inayochoma macho. Ndivyo inavyotokea ndani ya kalamu, ila huko moshi hauendi chumbani bali kifuani. Vifaa vingi vya zamani havina saketi ya kupima joto na kukata umeme koili inapozidi, hivyo gliserini na pamba huungua, na humo huzaliwa formaldehaidi na akrolini, kemikali mbili zinazokwaruza njia ya hewa, ya kwanza ikiwa imethibitishwa kusababisha saratani. Vile vya zamani zaidi kimuundo, bomba tupu la shaba na betri bila saketi yoyote, vina hatari ya namna nyingine, ya kulipuka; kwa vepu za aina zote, Idara ya Zimamoto ya Marekani ilihesabu matukio 195 ya vepu kuwaka au kulipuka nchini humo kati ya mwaka 2009 na 2016, mengine yakiwa mfukoni mwa mvutaji. Anayeungua hivyo na amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, wala asipakwe dawa ya meno.

Hata kupunguza nikotini, ambako wanaorudia kalamu hujivunia, hakuendi kama wanavyotarajia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha London South Bank walionyesha mwaka 2018 kwamba watumiaji walipotumia kioevu cha miligramu 6 badala ya cha miligramu 18 walivuta kwa muda mrefu zaidi na kumaliza kioevu kingi zaidi, na formaldehaidi waliyokumbana nayo ikaongezeka, kwa sababu ubongo uliozoea kipimo chake hukidai, na mapafu ndiyo hulipa deni hilo.

Hayo yote, hata hivyo, ni madogo yakilinganishwa na kile kichupa cha gliserini na matone ya mkaratusi, na hapo ndipo jibu hili linapopaswa kukaa kwa muda, maana mchanganyiko huo husifiwa na watu wengi wenye nia njema.

Chanzo cha kosa ni neno lenyewe. Kinachotoka katika vepu kimezoeleka kuitwa mvuke, na mzungumzaji wa Kiswahili akisikia mvuke hukumbuka nyungu, kile chungu cha majani yanayochemka ambacho mgonjwa wa mafua hukiinamia akiwa amejifunika shuka ili ajifukize, kisha huhitimisha kwamba kuvuta mvuke wa mkaratusi kwa kalamu ni kujifukiza kwa njia ya kisasa. Hitimisho hilo ni la uongo tangu mwanzo hadi mwisho. Kinachotoka katika vepu ni erosoli, yaani ukungu wa matone madogo mno ya kioevu yanayoelea hewani pamoja na chochote kilichoyeyuka ndani yake, na matone hayo hayapotei kama mvuke wa chai, bali mengi hushuka yakatua ndani kabisa ya mapafu. Imani hii ina ndugu yake wa karibu, ile ya kwamba maji ya shisha huchuja sumu ya moshi, ambayo iliwadanganya vijana wengi wa mji huu kabla Rwanda haijapiga marufuku shisha mwezi Desemba 2017. Katika imani zote mbili, maji au mvuke hutajwa ili kitu kinachodhuru kionekane kimeoshwa.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kinachofaa kumezwa au kupakwa kinafaa pia kuvutwa. Marekani ililipa gharama kubwa kwa dhana hiyo mwaka 2019, pale vijana wengi waliokuwa na afya njema walipoanza kufikishwa hospitalini wakihema kwa shida, mapafu yao yakiwa yamevimba na kujaa maji. Kufikia Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2,807, na 68 walikuwa wamefariki. Wengi wao walikuwa wametumia vioevu vyenye dutu ya bangi, vilivyonunuliwa au kutengenezwa kienyeji, na kilichoshukiwa kuliko vyote ni asetati ya vitamini E, mafuta mazito yaliyokuwa yakiongezwa ili kuzimua mali. Vitamini E ni ileile iliyomo katika vidonge na katika krimu za ngozi, tumbo huisaga na ngozi huipokea, lakini mapafu hayana njia ya kuifanyia lolote.

Gliserini inayouzwa katika vichupa vidogo kwenye maduka ya vipodozi, ambayo kina mama huwapaka watoto wakati wa kiangazi ngozi inapopauka, ni bidhaa ya ngozi. Aghalabu huwa imetiwa maji, manukato au rangi, na hakuna aliyewahi kuipima ili kujua inageuka nini inapoguswa na waya ambao joto lake linaweza kupita nyuzi 200. Hata ile safi ya duka la dawa haikutengenezwa kwa ajili ya kuchomwa. Mafuta ya mkaratusi nayo ni makali kiasi kwamba chupa yake huonya yasimezwe, na yanapochomwa hukwaruza njia za hewa na yanaweza kumbana pumzi mwenye pumu katika dakika chache. Ubaridi ambao mvutaji huusikia kifuani, na ambao humfanya aamini kwamba mapafu yanafunguka, ni hisia ya mishipa ya fahamu tu, sawa na ile ya kupaka balsamu puani, wala hakuna kilichofunguka.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi wakatia mafuta ya nazi au ya alizeti ili ukungu uwe mzito, na hawa hujitafutia ugonjwa wenye jina lake, nimonia ya mafuta, ambamo seli za kinga huyameza matone ya mafuta yaliyotua mapafuni, zikashindwa kuyasaga, zikakusanyika na kuvimba, hali ambayo huonekana katika picha ya eksirei kama nimonia ya kawaida lakini haitibiwi na antibiotiki yoyote. Kuhusu maumbile ya mapafu, msomaji anahitaji kujua jambo moja tu, kwamba mwisho wa njia ya hewa kuna vifuko vyembamba vinavyopitisha oksijeni kwenda katika damu, na kwamba vikifunikwa na mafuta havipitishi.

Maziwa nayo, ambayo wavutaji wengine huyategemea kuosha kifua, hayasafishi mapafu. Glasi ya maziwa ni lishe nzuri na baa za maziwa za Kigali ni fahari ya mji, lakini maziwa hushuka tumboni kwa njia yake, wala hayafiki mapafuni, na mvutaji anayekunywa nusu lita kila jioni ili kufidia kalamu yake hujipa ruhusa ya kuendelea, basi.

Sasa kuhusu kikohozi. Nchini Rwanda, mtu yeyote anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi anatakiwa apimwe kifua kikuu, na msomaji aliyekohoa tangu mwanzo wa kiangazi ameupita muda huo mara kadhaa. Wanaochelewa kwenda kituoni husema ni vumbi la Julai, husema ni kifaa kipya walichoacha au cha zamani walichorudia, husema mapafu yanajisafisha, na kila sababu huwaongezea mwezi mmoja wa kungoja, wakati ambapo bakteria, ikiwa wapo, huendelea kula pafu na kuambukiza wanaolala chumba kimoja na mgonjwa. Uchelewaji huo hauna udhuru katika mji ambamo kituo cha afya kiko karibu, mhudumu wa afya ya jamii anajulikana mtaani, na kipimo na matibabu ya kifua kikuu hutolewa bure. Anayekohoa damu, anayelowa jasho usiku au anayepungua uzito bila sababu na aende asubuhi inayofuata, na anayehema kwa shida akiwa ameketi, mwenye maumivu makali ya kifua au midomo iliyogeuka rangi, asingoje asubuhi, bali aitiwe gari la wagonjwa kwa nambari 912. Nambari hiyohiyo na ipigwe mtoto anapomeza kioevu chenye nikotini, hata kidogo, kwani hutapika na kutokwa mate mengi, kisha anaweza kuingiwa na degedege.

Akifika kituoni, na aseme ukweli. Mhudumu huuliza kama mgonjwa anavuta sigara, na mwenye vepu hujibu hapana, akiamini kwamba hajasema uongo, ilhali jibu hilo moja linaweza kumfanya daktari atibu nimonia ya kawaida kwa wiki nzima pasipo mafanikio. Kalamu, kichupa na orodha ya vilivyochanganywa viletwe mezani. Sheria ya mwaka 2013 ya kudhibiti tumbaku inahusu mahali pa kuvutia, matangazo na uuzaji kwa walio chini ya miaka 18, wala mgonjwa aliye mtu mzima hana sababu ya kumficha daktari kile anachovuta.

Ni kweli kwamba katika nchi kama Uingereza vepu zilizodhibitiwa zimewasaidia baadhi ya wavutaji sugu wa sigara kuachana na tumbaku, lakini msomaji hakutaja kwamba aliwahi kuvuta sigara, na kioevu chake hakidhibitiwi na yeyote, kwa hiyo hoja hiyo haimhusu. Kwake yeye njia ni kuacha, na kama tamaa ya nikotini ingali inamsumbua, zipo dawa za kumsaidia: ubani wa kutafuna na plasta za nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, hutoa nikotini kwa kipimo kinachopungua bila kuchoma chochote, na daktari au mfamasia ataeleza namna ya kuzitumia. Siku mbili tatu za kwanza ndizo ngumu kuliko zote, kwa kukosa usingizi, hasira za karibu na tamaa inayokuja kwa mawimbi ya dakika chache, kisha hali hutulia ndani ya wiki mbili hadi nne.

Lakini makohozi yatangulie. Sampuli nzuri ni ile ya asubuhi, kabla ya kunywa chai: anayepimwa husukutua kwa maji matupu, husimama nje au karibu na dirisha lililo wazi mbali na watu, huvuta pumzi ndefu mara mbili au tatu, kisha hukohoa kwa nguvu kutoka ndani ya kifua na kutema katika kikopo alichopewa. Kinachotakiwa ni makohozi mazito, wala si mate, na kikopo kifungwe vizuri kirudishwe kituoni asubuhi ileile.